Babu Hajachanganyikiwa

Kwenye kozi yetu ya isimu-saikolojia, ugonjwa wa kupoteza lugha ulipewa kipindi kimoja tu, Alhamisi mchana, saa ile ambayo nusu ya darasa inasinzia na nusu nyingine iko kwenye simu. Tulielezwa kwamba mwaka 1861, huko Paris, daktari Paul Broca alikutana na mgonjwa aliyeitwa Leborgne. Pale hospitalini walimzoea kwa jina la Tan, kwa sababu kwa miaka mingi hiyo ndiyo silabi iliyokuwa ikimtoka: tan, tan. Alichoambiwa alikielewa kwa kiasi kikubwa. Alipofariki, Broca akauchunguza ubongo wake na kukuta sehemu ya mbele, upande wa kushoto, imeharibika. Mwaka 1874 Carl Wernicke, kijana wa miaka 26 (fikiria, umri wa baadhi ya jamaa zetu hapa hosteli), akaandika kuhusu wagonjwa wa aina nyingine: wanaongea kwa mtiririko kabisa, lakini maneno hayashikani, na wanachoambiwa hakiwaingii vizuri. Tukaandika notsi. Likaja swali la alama kumi kwenye UE, tukalijibu, tukalisahau.

Mwezi wa nane Babu yangu akaanguka shambani kwake, Kanazi.

Kwa wasiopajua, Kanazi ninayoisema iko wilaya ya Ngara, mkoa wa Kagera. Msiichanganye na Nyakanazi, ile njia panda ya Biharamulo ambapo mabasi husimama abiria wakanunua mahindi ya kuchoma. Ukitoka Dar unaivuka Nyakanazi, unapita Benaco, ndipo unapanda milima ya kwetu. Na watu wakisikia Kagera wanadhani sote ni Wahaya. Sisi tunaongea Kihangaza, ambacho kiko karibu zaidi na Kirundi kuliko Kihaya. Naomba jambo hili la lugha mlikumbuke, maana huko mbele ndilo lililomwokoa mzee.

Shangazi, ambaye ndiye anayeishi naye, alinisimulia hivi. Babu alikuwa anapunguza majani makavu ya migomba. Panga likamdondoka, akainama kuliokota, hakuinuka. Majirani wakambeba hadi kivulini. Mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia hauna nguvu, anatoa sauti isiyoeleweka. Sasa si unajua watu wetu. Mtu akianguka, neno la kwanza ni moja: mpeni maji. Wakamwinua kichwa wakamnywesha kikombe. Akapaliwa, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Wakasema ni mshtuko. Wakampa tena.

Siwalaumu hata kidogo. Maji ni huruma. Hakuna mtu pale aliyewahi kuambiwa kwamba kwa mtu aliyepata kiharusi, kikombe cha maji ni kitu kigumu kuliko ugali.

Nilifika siku ya nne. Babu alikuwa wodini katika hospitali moja ambayo sitaitaja, dripu mkononi, presha imeanza kushuka. Vipimo vya presha na sukari vilifanyika, dawa zilitolewa. Kuhusu kula, ndugu waliambiwa "mpeni uji mwepesi," basi. Kwa hiyo Shangazi alikuwa anamlisha uji mwepesi kama chai, Babu akiwa amelala chali, kijiko baada ya kijiko. Usiku wa siku hiyo homa ikapanda na kifua kikaanza kukoroma.

Asubuhi akapita kijana wa fiziotherapia, alikuja kumnyoosha mkono. Akamkuta Shangazi na bakuli. Akasema, "Shikamoo Mama. Samahani, subiri kidogo, usimpe akiwa amelala." Kisha akavuta stuli akakaa. Katika dakika kumi na tano zilizofuata nilijifunza mambo ambayo, kwa maoni yangu, yangetakiwa kubandikwa ukutani kila wodi.

Kwanza alituelezea koo. Alituambia tushike makoromeo yetu tumeze mate. Jaribu na wewe hapo ulipo. Unasikia linapanda na kushuka? Koo ni njia panda: hewa na chakula vinapita mahali pamoja, halafu vinaachana. Kwa muda wa kama sekunde moja ulimi unasukuma tonge nyuma, koromeo linapanda, kidakatonge kinafunika mlango wa hewa, nyuzi za sauti zinajibana, pumzi inasimama. Kisha kila kitu kinafunguka upya. Unafanya hivyo mara mamia kwa siku bila kufikiri. (Mtu aliyetunga neno "kidakatonge" alistahili shahada ya anatomia.) Kiharusi kinachelewesha ile amri kutoka kwenye ubongo. Mlango unafungwa, ila umechelewa. Na maji hayana subira, yanateleza haraka, yanafika mlangoni ukiwa bado wazi. Uji mzito unatembea polepole, unaupa mlango nafasi ya kujifunga.

Kinachotisha zaidi ni kwamba wengine hawakohoi. Koo limepoteza hisia, maji yanaingia mapafuni kimyakimya, na wanaomlisha wanaona "anakunywa vizuri." Siku chache baadaye mtu anakufa kwa nimonia, na msibani tunasema kiharusi kimemchukua.

Niliporudi chuoni nilitafuta takwimu. Uchambuzi mmoja wa mwaka 2005 uliokusanya tafiti nyingi ulionyesha kwamba wagonjwa wa kiharusi wakipimwa vizuri na mtaalamu kitandani, 51 hadi 55 kati ya kila 100 wanakutwa na shida ya kumeza siku za mwanzo. Na mwenye shida hiyo ana uwezekano wa kupata nimonia zaidi ya mara 3 ya asiye nayo. Nusu ya wagonjwa! Halafu ukiuliza kwenye wodi nyingi za wilaya ni nani kazi yake kupima kumeza, watu wanatazamana.

Na tusidhani hili ni tatizo la Ulaya. Utafiti uliofanyika hapa kwetu kuanzia 2003 hadi 2006 katika wilaya ya Hai na jijini Dar es Salaam ulikuta, baada ya kurekebisha tofauti za umri, visa vipya 108.6 vya kiharusi kwa mwaka kwa kila watu 100,000 Hai, na 315.9 Dar. Hiyo ya Dar ni kubwa kuliko za nchi nyingi tajiri. Presha ndiyo iko nyuma ya vingi.

Turudi kwenye stuli ya yule kijana. Alimkalisha Babu wima, mito mgongoni. Kabla ya kumpa chochote alimwangalia tu: yuko macho? Anaweza kukaa bila kusinzia? Akamwomba akohoe, ameze mate, akaangalia kama udenda unamtoka, akasikiliza sauti. Ndipo akaomba uji mzito, nusu kijiko cha chai. Vidole vyake vilikuwa juu ya koromeo la Babu, vinahesabu. Baada ya kumeza akamwomba aseme "aaa." Sauti ikatoka kavu. Akampa tena, na tena. Sawa. Kisha maji, kijiko kidogo. Sawa. Kijiko cha pili, na Babu hakukohoa, lakini "aaa" ilipotoka ilikuwa na maji ndani, kama mtu anayesukutua koo. Kijana akaweka kijiko chini. "Tumeishia hapa," akasema. "Maji bado."

Baadaye nilijua kwamba alikuwa anafuata mpangilio wa kipimo kinachoitwa GUSS, kilichotengenezwa Austria na kuchapishwa mwaka 2007. Unaanza na kutazama, unakwenda kwenye kitu kizito, halafu maji kwa vipimo vinavyoongezeka, mwisho mkate, na mgonjwa anapata alama hadi 20. Akishindwa hatua moja, unasimama, huendi mbele. Kuna vipimo vya kisasa zaidi, vya kumeza dawa nyeupe huku eksirei ikirekodi kama video, au kupitisha kamera nyembamba puani. Hivyo viko mbali na Ngara. Ila kijiko, uji na mtu aliyefundishwa havipaswi kuwa mbali na mahali popote.

Nasisitiza "aliyefundishwa." Siandiki haya ili mtu akamjaribu bibi yake nyumbani. Naandika ili ukiwa na mgonjwa wodini uulize, kabla ya kikombe cha kwanza: amepimwa kumeza? Swali hilo ni la bure.

Daktari akakubaliana naye. Babu akawekewa mpira wa kupitia puani kwa ajili ya maji na dawa, na antibayotiki kwa kifua. Hapo ndugu walishtuka kweli. Kwetu mpira wa puani ni kama kuaga. Baba Mdogo alitoka nje akaanza kupiga simu za watu wa mbali. Lakini homa ikashuka siku ya tatu, na wiki ya pili mpira ukatolewa. Wengi hupata nafuu ya kumeza ndani ya majuma ya mwanzo, ndiyo maana siku hizo za mwanzo ni za kulindwa kama yai.

Masharti tuliyorudi nayo nyumbani yalikuwa machache, na Shangazi, ambaye aliishia darasa la saba, anayashika kuliko mimi ninavyoshika taratibu za maktaba. Babu akae wima, na abaki wima nusu saa baada ya kula. Kijiko kidogo, kimoja kimoja, hakuna cha pili mpaka koromeo lipande na kushuka. Hakuna mrija wa kunyonyea. Hakuna stori wakati wa kula, jambo ambalo kwa wageni wa kwetu ni mateso. Baada ya chakula anapitisha kidole chenye kitambaa ndani ya shavu la kulia, kwa sababu upande uliopooza unaweka akiba ya chakula bila mwenyewe kujua. Mswaki asubuhi na jioni hata kama hakula kitu, maana mate yenye uchafu yakiingia mapafuni ni mabaya kuliko mate safi. Na vidonge vya presha asisagiwe kienyeji, auliwe kwanza mfamasia, kwa sababu si kila kidonge kinaruhusiwa kusagwa.

Kilichonifurahisha ni kipimo cha uzito wa uji. Dunia ina ngazi zake za vinywaji na vyakula vya watu wenye shida ya kumeza, kutoka 0 hadi 7, na kipimo chake cha vinywaji ni bomba la sindano la mililita 10 lisilo na sindano. Unaziba chini kwa kidole, unajaza hadi 10, unaachia kwa sekunde 10, unaziba tena na kutazama kilichobaki. Maji yanaisha yote. Yule kijana alitaka zibaki zaidi ya 8. Shangazi anahesabu hadi kumi kwa Kihangaza, polepole kama anahesabu pesa, na jirani akija anamwonyesha. Aligundua mwenyewe kwamba uji wa mtama uliopoa unazidi kuwa mzito, na kwamba ule unaobaki bakulini baada ya Babu kula unageuka kuwa mwepesi. Niliuliza. Ni mate: kijiko kinapeleka mate bakulini, na mate yana kimeng'enya kinachovunja wanga. Sasa anagawa kidogo kidogo kwenye kikombe cha pembeni. Hakuna aliyemfundisha hilo.

Lakini nisiwadanganye, uzito huo una bei yake. Chai nzito ni kitu cha ajabu mdomoni. Babu aliikataa, na mtu anayekataa kunywa anakauka. Kuna wiki Shangazi aliishi kwa kuhesabu vijiko vya maji ya kunywa kama dawa. Wataalamu wenyewe wanabishana kuhusu hili, na mimi niko upande wa wale wanaosema mpime tena mapema, usimwache mtu kwenye uji mzito miezi kwa sababu hakuna aliyerudi kumwangalia.

Sasa kuhusu kusema. Hapa ndipo ile Alhamisi mchana iliponirudia.

Babu alikuwa na neno moja, na halikuwa neno: "bibibi." Ukimwuliza jina, bibibi. Ukimwuliza anaumwa wapi, bibibi, kwa hasira, akipiga mkono wa kushoto kitandani. Wodini waliandika kwamba amechanganyikiwa. Ndugu wakasema akili imeondoka. Baba Mdogo alilisema kwa huzuni kabisa, wala si kwa ubaya: "Mzee hayupo tena. Huu ni mwili."

Kwanza kuna kutenganisha vitu viwili. Kuna ulimi na midomo kukosa nguvu, ambapo mtu ana maneno yote kichwani ila yanatoka yameviringika, kama mlevi. Na kuna lugha yenyewe kuharibika, afasia, ambapo ulimi unaweza kuwa mzima lakini neno halipatikani, au linapatikana la jirani yake. Babu alikuwa na vyote viwili kidogo kidogo. Lakini hakuna kati ya hivyo ambacho ni kuchanganyikiwa.

Rafiki yangu anayesoma udaktari alinitumia WhatsApp karatasi ya picha zinazotumika duniani kote kupima wagonjwa wa kiharusi, kwenye kipimo cha Kimarekani kinachojulikana kama NIHSS. Mgonjwa anatakiwa kutaja: glovu, ufunguo, mpungate, kiti, unyoya, na machela ya kubembea ile ya kulalia kati ya miti miwili. Ufunguo na kiti, sawa. Lakini niambie, mzee wa Kanazi alilala kwenye machela ya bembea lini? Nilimwonyesha Babu. Alipofika kwenye mpungate akacheka. Kicheko cha kweli, mabega yakatikisika. Mwili mtupu haucheki mpungate.

Karatasi nyingine ni mchoro wa jikoni: mama anakausha vyombo kando ya sinki, maji yanafurika kutoka bombani, watoto wanaiba biskuti kabatini. Umetoka kwenye kipimo cha afasia cha Boston cha mwaka 1972 na bado unatumika. Jiko la kwetu ni mafiga matatu, na maji yanakuja kwa ndoo kichwani. Mtu akishindwa kueleza kwa nini maji yanafurika, umepima ubongo au umepima kama ana bomba ndani?

Nikaacha simu, nikatafuta vitu vya nyumbani: panga, kikombe, redio, fimbo yake, ndizi, kata. Nikavipanga mkekani. Nikaanza kwa Kiswahili, kama walivyofanya wodini: "Babu, nionyeshe redio." Akatazama, akasita, akagusa kikombe. Kati ya sita alipata viwili. Kesho yake asubuhi, akiwa amelala vizuri, nikarudia kwa Kihangaza. Niliuliza, kisha nikanyamaza nikahesabu kumi moyoni kabla ya kurudia. Alipata vitano. Cha sita kilikuwa kata, na hata hapo mkono ulielea juu yake kabla ya kwenda kwingine.

Wanaisimu mtaniuliza: je, si sheria ya Ribot hiyo? Théodule Ribot aliandika mwaka 1881 kwamba yaliyojifunzwa kwanza hupotea mwisho. Mwaka 1895 Albert Pitres akasema hapana, lugha inayorudi kwanza ni ile mtu aliyokuwa akiitumia zaidi kabla ya kuugua. Uchunguzi wa baadaye unaonyesha kwamba watu wengi wa lugha mbili huzipoteza na kuzipata zote mbili kwa pamoja, kwa kadiri walivyozijua. Kwa Babu swali halijibiki, kwa sababu Kihangaza ni lugha yake ya kwanza na pia ndiyo aliyoitumia kila siku. Kiswahili kwake kilikuwa cha sokoni na cha ofisi ya kijiji. Kumpima kwa Kiswahili peke yake ilikuwa sawa na kunipima mimi kwa Kifaransa cha muhula mmoja na kuandika kwenye faili kwamba sina akili.

Na mambo haya yalikuwa na uzito zaidi ya taaluma, kwa sababu wiki ileile Baba Mdogo alileta karatasi. Madeni ya hospitali na nauli yalikuwa yamefika shingoni, na kulikuwa na mtu aliyetaka kipande cha shamba la bondeni, chenye kahawa. Alichohitaji ni dole gumba la mzee. Kidau cha wino kilikuwa mfukoni mwake. Alisema, na wazee wawili wa ukoo wakatikisa kichwa kukubali: mzee haelewi, kwa hiyo tumshike mkono tu, Mungu anajua nia yetu.

Shangazi akaniangalia. Nikasema, "Baba Mdogo, shikamoo tena, lakini tumwulize kwanza."

"Umwulize mtu asiyesema?"

"Anasikia."

Mtu mwenye afasia anaweza kusema ndiyo akimaanisha hapana, kwa hiyo jibu moja halitoshi. Tulikubaliana na wazee kwamba swali litaulizwa pande zote mbili, na kwa nyakati tofauti, na yatachanganywa maswali ambayo jibu lake kila mtu analijua. Mzee mmoja wa ukoo ndiye aliyeuliza, kwa Kihangaza, mimi nikae kando. Wewe una watoto saba? Akakataa kwa kichwa, anao watano. Mke wako alitangulia kufa? Akakubali. Lile la bondeni liuzwe? Akakataa. Wakaongea mambo ya mvua, kisha tena: lile la bondeni libaki? Akakubali. Baba Mdogo akasema ni bahati. Jioni, baada ya uji, mzee yuleyule akarudia akitumia vijiti viwili chini, kimoja cha kuuza, kimoja cha kubaki, akivibadilisha nafasi. Babu akachukua cha kubaki mara tatu. Kisha akamgeukia Baba Mdogo, na kwa mara ya kwanza tangu aanguke akatoa neno kamili, limenyooka, la Kihangaza. Lilikuwa tusi. Sitaliandika kwenye gazeti la wanachuo.

Watu walicheka hadi wakalia, Baba Mdogo naye. Na ingawa kila mtu kijijini sasa anasimulia tusi kama ndiyo ushahidi, ukweli ni kwamba matusi, kuhesabu, sala na nyimbo hutoka kwa njia nyingine. Hata mtu asiyeelewa sana anaweza kuyatoa. Ushahidi ulikuwa vile vijiti. Karatasi ikarudi mfukoni. Deni lililipwa kwa mbuzi, na kwa boom langu la semista iliyofuata, na ndiyo maana mliniona nakula maharage ya kantini mfululizo.

Tiba ya kusema tumeifanya kienyeji kwa kuelekezwa. Wataalamu wa usemi na lugha ni wachache mno katika nchi yetu, na waliopo wako miji mikubwa. Makerere, Uganda, walianza kufundisha shahada yake mwaka 2008. Muhimbili nao sasa wana shahada inayounganisha usikivu na tiba ya usemi. Sijui ni wangapi kati ya wanaohitimu watapanda basi la Ngara. Isitoshe, akija wa kutoka Moshi au Mbeya atahitaji mtu wa kukaa naye anayejua Kihangaza, na hiyo ni kazi ambayo sisi wa isimu hatujawahi kuambiwa kwamba ni yetu. Tunaandika tasnifu kuhusu ngeli za lugha za nyumbani, mara ya mia. Orodha ya maneno arobaini ya kupimia mgonjwa kwa Kihangaza, Kishubi au Kiha, na vitu vya jikoni kwake, ingekuwa tasnifu nzuri tu. Mimi yangu nimeshaiandikia pendekezo. Msimamizi bado anakuna kichwa.

Kwa sasa Shangazi anatumia nyimbo. Jumapili moja Babu aliimba ubeti mzima wa wimbo wa kanisani, maneno yote, yeye asiyeweza kuomba kijiko. Huko Boston mwaka 1973 walitengeneza tiba juu ya jambo hilihili: unaliweka neno kwenye mdundo, unagonga kwa mkono wa kushoto, unaimba naye, kisha unapunguza sauti yako polepole mpaka abaki peke yake. Shangazi hajui habari za Boston. Anagonga goti la Babu na kuimba neno moja wiki nzima, la Kihangaza, lile analolihitaji kweli. La kwanza lilikuwa amazi, maji. Lilichukua siku kumi na moja, na siku hizo maji alikuwa ameanza kuruhusiwa, kwa kijiko.

Ni mwezi wa saba tangu aanguke. Anakula ndizi zilizopondwa na mchuzi wa maharage, wima, bila stori. Mkono wa kulia bado. Juzi Shangazi kanipigia simu usiku, kifurushi kinaisha, anaongea mbio: neno la wiki hii ni chumvi. Limetoka mara mbili, na mara zote mbili chakula kilikuwa na chumvi tayari.